Ndevu za Wagiriki hazikuanza na hekima

Ukitaja ndevu za Wagiriki wa kale, wengi humwona mwanafalsafa mwenye joho kuukuu akipapasa kidevu. Picha hiyo ilikuja baadaye. Kwa karne nyingi ndevu zilikuwa kitambulisho cha mwanamume mzima tu, na mfinyanzi alikuwa nazo kama mwanafalsafa Plato.

Chukua chombo cha udongo kilichochorwa Athens karne ya 6 au ya 5 KK, uanze na videvu. Kidevu kitupu ni mvulana. Vinyweleo vikishuka kando ya sikio, huyo ni barobaro. Ndevu zilizojaa ni mtu mzima, zikiwa nyeupe ni mzee. Watu hukosea kwenye miungu: Hermes na Dionysos wa michoro ya zamani wana ndevu, wa baadaye ni vijana laini. Ujue kwanza umri wa chombo, ndipo umpe mungu jina. Zeus hasumbui, ndevu zake hazimtoki.

Kidevu ndicho kilichoshikwa wakati wa kuomba. Katika Iliad, utenzi wa Homer wa vita vya Troy, Thetis, mungu wa kike wa bahari, anaketi mbele ya Zeus, mkono wake wa kushoto umekumbatia magoti ya Zeus, wa kulia umemshika chini ya kidevu. Dolon naye, mpelelezi wa Troy aliyekamatwa, anataka kukigusa kidevu cha Diomedes, shujaa wa Kigiriki, upanga unamuwahi shingoni.

Heshima ikikaa usoni, na aibu itakaa hapohapo. Huko Sparta aliyekimbia vita alinyoa sehemu ya ndevu na kuacha sehemu. Ukali wote uko kwenye hiyo iliyoachwa: kidevu kitupu kingeweza kuwa cha kijana, cha viraka kinajitangaza chenyewe sokoni. Athens nako, katika komedi ya Aristophanes ya mwaka 391 KK hivi, wanawake wanabandika ndevu za bandia ili wakapige kura barazani. Hekima haikuulizwa mlangoni.

Kisha Alexander Mkuu akaamuru askari wake wanyoe, ndevu zisije zikawa mpini mkononi mwa adui. Ndivyo anavyoeleza Plutarch, mwandishi Mgiriki wa kale. Kwangu sababu hiyo haitoshi: mfalme mwenyewe alichongwa bila ndevu, na sura ya mfalme huigwa hata na wasiokwenda vitani. Kisiwa cha Rhodes kilikuwa na sheria ya kukataza kunyoa, lakini nani amshtaki nani, wakati wote wamenyoa? Mji wa Byzantium ulimtoza faini kinyozi aliyekutwa na wembe, na nyembe ziliendelea na kazi.

Videvu vya wengine vilipokwisha kutakata, ndipo ndevu zikawa za mwanafalsafa. Yeye hakuzua mtindo. Alikataa tu kuzitoa. Mmoja wao, Epictetus, katika karne za kwanza BK, anajihoji mwenyewe: nikiambiwa ninyoe? Sinyoi. Nikiambiwa basi kichwa kitakatwa? Kama kuna faida kwako, kikate.