Xylella kwenye mizabibu: tung'oe kwanza au tusubiri nasaba?

PCR ya jeni rimM (kipimo kinachonakili DNA ili ionekane) hujibu swali moja: je, mzabibu huu una Xylella fastidiosa, bakteria anayekausha mimea? Ni Xylella ipi, haisemi. Na Ulaya, hilo la pili ndilo linaloamua shoka lipite wapi. Apulia, Italia, nasaba (ukoo mdogo) ST53 ya nususpishi (tawi la spishi) pauca, iliyogunduliwa 2013, imekausha mizeituni kwa mamilioni huku mizabibu ya jirani ikisalimika. Ugonjwa wa Pierce, unaokausha mizabibu, huletwa na nususpishi fastidiosa. Nasaba yake ST1 imo Mallorca, kisiwa cha Uhispania, na mwaka 2024 ilionekana Triggiano karibu na Bari, kwanza kwenye milozi.

Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya 2020 inataka kung'oa ndani ya mita 50 kuzunguka mmea ulioambukizwa, na orodha ya mimea ya kung'olewa hufuata nususpishi. Asiyejua nususpishi hung'oa mingi isiyo na hatia. Kwa mkulima, huo ni mtaji wa miaka.

Tatizo ni kwamba utambuzi wenyewe wa nususpishi na nasaba, wa kusoma vipande vya jeni saba, ni mgumu. Sampuli ni gramu 0.5 hadi 1 ya vikonyo na mishipa ya kati ya majani yaliyoungua kingo, yachumwe mwisho wa kiangazi. Machipukizi machanga hayana bakteria wa kutosha. Polifenoli (kemikali za asili) za mzabibu huzuia kimeng'enya cha PCR, kwa hiyo DNA huchujwa kwa CTAB (kemikali ya kuitenga na uchafu), kisha huzimuliwa mara 10. Hata hivyo, sampuli yenye Cq 32 (inayoonekana kwenye mzunguko wa 32 wa PCR, yaani yenye bakteria wachache) inathibitisha maambukizi lakini mara nyingi hutoa jeni mbili tatu tu. Kuotesha bakteria kwa nyuzi 28 huchukua wiki moja hadi mwezi.

Tena jeni saba haziwezi kutenganisha ST1 ya Mallorca na ile ya California. Jenomu nzima (DNA yote ya bakteria) ndiyo iliyoonyesha kwamba ya kisiwani ilitoka California, kwa makadirio ya miaka ya 1990.

Kwa maoni yetu, mzabibu uliothibitishwa usisubiri: ung'olewe mara moja, na magugu yalimwe majira ya kuchipua kabla tunutu wa Philaenus spumarius, mdudu anayeeneza bakteria huyo, hawajaota mabawa, maana hatua hizo hazibadiliki kwa nasaba yoyote. Nususpishi isubiriwe kwa ajili ya mimea jirani tu, na vikonyo vya matawi kadhaa ya mzabibu uleule vihifadhiwe kabla haujang'olewa. Ukishachomwa, hakuna pa kurudia kipimo.