Lengai? Mara moja yatosha
Nimesoma makala kuhusu milima ambayo watu huapa kutoirudia, nayo inataja Kilimanjaro tu. Nahisi mwandishi wake hajafika Ol Doinyo Lengai, ile volkano ya kaskazini mwa Tanzania. Haufiki hata mita 3,000, lakini hauna huruma: unaanza kupanda usiku wa manane kukwepa jua la kule Ziwa Natron, tochi kichwani, mteremko mkali wa majivu, unapanda hatua mbili unaporomoka moja. Alfajiri tukafika kwenye kasoko, yaani mdomo wa volkano, harufu ya salfa imetanda. Pazuri, sikatai. Ila kushuka sasa! Nilishuka kwa makalio, suruali ikaishia huko huko. Kijana wa Kimaasai aliyetuongoza alikuwa mbele na katambuga zake, anapiga mluzi.