Steringi Kafa au LUKU Imeisha?

Jana usiku nimejiaibisha, na kwa kuwa Mabatini nzima, hapa Mwanza, inajua, bora na nyie mlisikie kwangu kuliko kwa vijana wa bodaboda. Wale habari wakiipakia robo kilo hapa, ikifika Igoma ni gunia.

Mimi ni mtu mzima. Nina watoto pacha. Nashika daftari la mizigo ya dagaa pale Mwaloni, na kwenye vikao vya mtaa nawekewa kiti cha kuegemea wakati wenzangu wanakalia mawe. Mtu wa aina yangu hatakiwi kuonekana saa sita usiku uani na msuli, simu inamulika, anagombea umeme ambao haujakatika.

Kisa ni sizoni.

Mpwa wangu ndiye aliyenichokoza. "Mjomba, kama hujaangalia The Sopranos bado hujaangalia kitu." Ya zamani hiyo, ilianza 1999 ikamalizika 2007, ila kwetu hakuna kitu kinachochelewa, kinakuja na meli ya mizigo. Nikampelekea kijana wa muvi flashi, akanijazia sizoni sita, episodi 86. Mke wangu, Mama Kulwa, aliposikia ni mambo ya mafia akauliza kama ni Mafia ile ya papa potwe. Nikamwambia hapana, hawa ni Waitaliano wa New Jersey, Marekani. Akasema "haya," akageukia ukutani. Kageukia ukutani miezi mitatu.

Bosi mwenyewe ni Tony Soprano, jitu la miraba minne. Kwenye makaratasi kazi yake ni taka. Taka! Na ana nyumba kubwa yenye bwawa la kuogelea. Huku kwetu anayeshughulika na taka anasukuma mkokoteni, na akija na kitabu cha risiti tunazima redio tunajifanya hatupo. Sasa episodi ya kwanza tu, bata wamekuja bwawani kwake wametotoa, makinda yamekua, siku moja wakaruka wakaenda zao. Jamaa akaanguka, akazimia. Kwa bata! Mimi kaloli, haya madege ya jalalani, wakihama mwembe wetu nitachinja kuku, maana shuka hazianikiki. Basi akapelekwa kwa daktari wa kukaa mkaongea, mwanamama anaitwa Dokta Melfi, analipwa kwa kusikiliza. Mimi nikianguka Mwaloni nitamwagiwa maji. Yakikosekana nitaombewa.

Na yatakosekana. Mlangoni kwangu naliona ziwa lote, kilomita za mraba zaidi ya 68,000 za maji matamu, lakini bomba letu linatoka usiku wa manane siku linayotaka lenyewe. Tuliache hilo.

Nisiwe mnafiki, sizoni ilinikamata. Ilifika mahali nikamwandikia mteja wa Kahama risiti ya magunia kumi kwa jina la Paulie, kijana wa Tony.

Basi jana nimefika ya mwisho. Tony kaingia kwenye mgahawa, Holsten's, kakaa, kuna kimashine cha nyimbo mezani, kachagua wimbo wa bendi ya Journey. Mke kaja. Kijana wake kaja. Inaletwa sahani, nikajua sasa tajiri atakula. Vitunguu! Vitunguu vya kukaanga, kama mtu aliyesahau kununua mboga. Kuna mwanamume wa jaketi anamwangaliaangalia, kainuka, kaingia chooni. Nje binti anaegesha gari. Mbele, nyuma, haliingii. Mbele, nyuma, haliingii. Mikono imenilowa. Konda yeyote wa Nyegezi angeshapiga bodi mara mbili na gari likakaa. Mwisho kaegesha, anakimbia, mlango unafunguliwa, kengele inalia, Tony anainua uso…

Giza.

Kioo cheusi, sauti kimya, hakuna kitu. Sasa niambie wewe mtu wa Mwanza, televisheni ikizima ghafla usiku, akili yako inakimbilia wapi? Mimi sikufikiria sanaa. Nilifikiria Mama Neema wa chumba cha pili.

Nyumba yetu ina vyumba sita na LUKU moja, mita ya umeme wa kulipia kabla. Mlio kwenye nyumba za namna hiyo mshanielewa. Ijumaa nimetoa elfu tano yangu, nimeingiza tokeni mwenyewe, tarakimu zote ishirini, bila kukosea. Uniti zile hazikuwa za kuisha Jumapili. Haziwezi. Labda chumba fulani kiwe kinalisha friza.

Niliruka kitandani nikapiga teke ndoo ya maji ya asubuhi. Nikatoka. Hasira haina macho, sikutazama huku wala kule, nikaenda moja kwa moja mpaka mlango wa pili.

"Hodi!"

"Nani saa hizi?"

"Baba Kulwa. Fungua tuongee kistaarabu."

Wanaonijua wanajua nikitaja ustaarabu, ustaarabu umeshaondoka. Mama Neema katoka na khanga begani, anafikicha jicho.

Nikaanza kwa heshima. Nikamwambia, Mama Neema, mimi na wewe tumepanga hapa miaka minne, hatujawahi kuvunjiana heshima. Watoto wetu wanakunywa uji pamoja. Lakini utu una mpaka wake. Mimi nina taa moja, televisheni moja ya inchi ishirini na nne na simu ya kuchaji, natoa elfu tano. Wewe una friza linaloweza kulala sangara mzima na mke wake, unagandisha barafu za ukwaju za watoto wa shule tatu, nawe unatoa elfu tano. Nimenyamaza. Bibi wa chumba cha mwisho ananyamaza, hana hata redio, anatoa elfu tano kwa ajili ya balbu anayoizima saa mbili. Hesabu gani hiyo? Hata darasa la pili wangeikataa!

Hapo sauti ilishapanda. Milango ikaanza kufunguka. Mwalimu wa chumba cha tatu katoka na mswaki mdomoni. Bibi katoka. Watoto ambao ukiwatuma dukani wamelala, wote wako macho.

"Umemaliza?" Mama Neema akauliza.

"Sijamaliza!" Nikaendelea. Nikaingia kwenye pasi yake ya Jumamosi. Nikaingia kwenye jagi la umeme. Nikamwambia leo, usiku huu, ndani ya dakika niliyoisubiri miezi mitatu, uniti zimeisha, na mimi sijui kama yule mtu kapona au kafa, na dhambi hiyo iko juu ya barafu zake za ukwaju.

Akanisubiri nivute pumzi.

"Baba Kulwa, hiyo taa iliyo juu ya kichwa chako inawaka kwa mafuta ya sangara?"

Nikatazama juu. Taa ya baraza inawaka, vidudu vya ziwani vimeizunguka kama waumini. Nikasikiliza. Nyuma yake friza linakoroma kwa afya njema kabisa.

Mwenye hekima angesema samahani, akarudi kulala. Mimi nikasema, "Basi umerudi sasa hivi."

"Haujakatika," Mwalimu akasema na povu lake. "Nasahihisha madaftari tangu saa tatu."

"Basi ni chumbani kwangu tu."

Wakasema twende tukaone. Msafara wa watu tisa ukaingia kwangu usiku wa manane, Mama Kulwa kastuka kakuta kikao kitandani kwake, kavuta shuka mpaka puani. Na televisheni inawaka. Ipo pale kwenye orodha ya mafaili, sizoni ya sita, episodi ya 21, inanitazama kama shahidi aliyelipwa na upande wa pili.

Nilitegemea wacheke waondoke. Mama Neema akakaa.

"Kwani ndiyo imeisha?"

"Imeisha wapi, imekatwa."

"Na yule anayehema kafa?"

Nikamuuliza anayehema nani. Akasema si yule mnene, anayepumulia puani kama dume la ng'ombe linapanda kilima. Kumbe kuta zetu zinaishia chini ya bati, dari hakuna, na huyu mama kafuatilia sizoni zote sita kwa masikio! Kiingereza hajui, ila kelele za familia anazijua. "Wiki ya kwanza nilidhani ni wewe," akasema. "Nikamwambia Bibi, Baba Kulwa ana pumu, tumchangie. Baadaye nikasikia yule mama yake mkorofi, nikajua siyo wewe, mama yako mpole. Halafu yule mama kapotea."

"Alikufa, sizoni ya tatu."

"Nilijua tu. Nyumba ilitulia."

Nikalazimika kurudisha nyuma. Dakika tano za mwisho tukaziangalia wote, mara mbili, Kulwa na Doto nao wamo, na shule kesho. Giza likaja palepale, sekunde kama kumi za kimya, halafu majina yakaanza kupanda bila hata muziki.

Mwalimu akasuuza mdomo kwanza, maana yeye hatoi hoja na povu. Akasema kafa: lile giza ni macho yake mwenyewe yamezima, tunaona anachokiona. Jaketi katoka chooni. Imekwisha.

"Hajafa," Mama Neema akasema. "Risasi haijalia. Risasi zote za huyu mtu nimezisikia, mpaka nilikuwa nafunika sufuria. Hapo hakuna risasi."

Na mimi hapo nikakumbuka kitu, nikakaa chini. Kuna mahali wako kwenye boti ziwani, Tony na shemeji yake Bobby, wanavua, wanaongea, na Bobby anasema pengine ikikupata mwenyewe wala huisikii. Nikawaeleza. Chumba kikanyamaza. Nje vidudu vinagonga taa. Mama Neema akatazama ukuta wake muda mrefu, akasema taratibu, "Lakini vitunguu hajavimaliza."

Bibi, ambaye hakuona hata episodi moja, akauliza kama mke atabaki na ile nyumba.

Wakaondoka saa nane. Mama Kulwa kanipa mgongo, ila mgongo wa aina nyingine. Na katika yote hayo, mnisikilize vizuri, suala la friza halikujibiwa! Mama huyu kanihoji kuhusu Tony, kanihoji kuhusu binti na gari, kaniaga "usiku mwema, Baba Kulwa," kaenda. Elfu tano yake ni ileile. Mimi ndiye niliyeonekana mchokozi. Leo asubuhi Neema kanipita na vifuko vya ukwaju ndoo nzima, kanisalimia shikamoo, na mimi nimeitikia marahaba, nimenunua na kimoja. Ni kitamu. Kina umeme wangu ndani.

Nikaenda kwa kijana wa muvi kudai mwisho wangu. Akanisikiliza, akasema, "Mzee wangu, ndivyo ilivyo." Akanionyesha kwenye simu: 10 Juni 2007, siku ilipoonyeshwa, Wamarekani kibao nao walidhani kebo zao zimekatika. Nikapoa kidogo. Kumbe na wao. Ila wao walipiga simu kwa wenye kebo, hawakumwamsha mama wa watu. Akaniambia mtunzi, David Chase, kaulizwa jambo hilo miaka na miaka mpaka kachoka, na kwamba James Gandolfini, aliyekuwa Tony, alifariki kweli mwaka 2013, huko Rome. Hiyo iliniuma, sijui kwa nini. Nilishamzoea kuhema.

Kijiweni nako nikakuta wameshaifikisha kwa Mama Neema kaficha jambazi wa Kiitaliano kwenye friza. Nilipowaeleza yenyewe, wasioiona hata dakika ndio waliobishana zaidi. Mmoja kashika sheria: steringi hafi. Mwingine akasema steringi wa Kihindi hufa, ila pacha wake anarudi kulipa kisasi. Nikawaambia Tony hana pacha. Wakaniuliza una uhakika gani, na kioo kilikuwa cheusi?

Sikuwa na jibu. Nikapanda mawe kurudi nyumbani, siku hizi hesabu yangu ya kilima hiki ni mapumziko matatu, na pumziko la pili nikajisikia nahema kwa puani. Nikafunga mdomo, nikafungua, nikafunga tena. Kaloli mmoja yuko juu ya jabali ananikagua.

Jioni tumeitisha kikao cha LUKU. Ajenda friza. Mwenye nyumba kasema kila chumba kijinunulie mita yake ndogo, na gharama juu ya mpangaji, halafu kakata simu. Kwa hiyo mimi, niliyelalamika, ndiye wa kwanza kutakiwa kununua. Mwalimu kapendekeza tuchange elfu saba saba. Mama Neema kakubali upesi mno, na mtu akikubali upesi namna ile ujue kuna friza la pili linakuja. Nilikuwa najiandaa kusema hilo kwa ustaarabu…

Ngoja. Mnasikia? Bomba limekohoa. Ni hewa, au ni yenyewe? Limekohoa tena. Mama Kulwa! Ndoo! Ile kubwa, na dumu la njano, fanya haraka kabla chumba cha pili hawajasikia, wale wana masikio!