Muda Uliobaki Usiwe wa Kubahatisha

Mtu anayeiachia kompyuta yake ya nyumbani ifanye hesabu za watafiti hutoa umeme anaoulipia mwenyewe na mashine aliyoinunua mwenyewe. Halipwi. Angalau aambiwe ukweli kuhusu jambo moja: kazi aliyopewa itachukua muda gani. Miradi mingi bado haimtendei haki hapo, na sikubali kwamba tatizo hili halina dawa.

Kwenye BOINC, programu ya kugawa hesabu za watafiti kwa kompyuta za watu iliyotoka Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ambayo hutumiwa na miradi kama Einstein@Home na climateprediction.net, mradi hutangaza kila kazi itahitaji hesabu ngapi. Kompyuta nayo hupimwa kasi. Gawanya ya kwanza kwa ya pili, unapata muda. Kazi ya hesabu trilioni 36 kwenye kiini kimoja cha kichakataji kinachopiga hesabu bilioni 4 kwa sekunde itaandikiwa saa mbili na nusu.

Nambari zote mbili zina walakini. Kipimo cha kasi, kile kiitwacho Whetstone, ni programu ndogo inayoenea ndani ya kichakataji chenyewe. Kazi halisi ya kisayansi mara nyingi haienei humo. Inabidi data ifuatwe kwenye RAM, yaani kumbukumbu iliyo nje ya kichakataji, na viini vyote vinagombania njia hiyo moja. Joto likizidi, kichakataji hujipunguzia kasi. Mwenye kompyuta akianza shughuli zake, kazi ya mradi hupisha. Halafu zile trilioni 36 ni makisio ya mtafiti, ambayo huenda yalifaa kwa kundi la kazi lililopita na hayafai kwa hili.

Wapo walioliweza jambo hili. GIMPS, mradi mwingine wa kompyuta za watu wanaojitolea, imekuwa ikitafuta namba tasa kubwa tangu 1996. Mojawapo, iliyopatikana Desemba 2018, ni 2 yenye kipeo cha 82,589,933, kisha ukatoa 1. Jaribio la Lucas-Lehmer, linaloonyesha kama namba ya aina hiyo ni tasa, kwa namba hiyo lina hatua 82,589,931, haipungui wala haizidi hata moja. Mashine ikitumia milisekunde 3 kwa hatua, kazi ni ya saa 69 hivi. Ukiiongezea kazi nyingine zinazokula kumbukumbu na hatua ikafika milisekunde 4, sasa ni karibu saa 92, na unaliona hilo mapema kabla hujapoteza siku nzima. Idadi ya hatua inajulikana. Kilichobaki ni kupima hatua moja kwenye mashine yako, kama ilivyo leo. Rosetta@home ilipita njia nyingine ninayoipenda zaidi: mtu anachagua kazi iendeshwe saa ngapi, nayo programu inajaribu maumbo ya protini mengi kadiri muda huo unavyoruhusu.

Si kila utafiti unaweza kupangwa hivyo, nakubali. Lakini historia ya mashine ipo. Kwa miaka mingi sasa seva za BOINC zimekuwa zikitunza wastani wa muda ambao kila kompyuta imetumia kwa kila aina ya kazi. Ni hatua nzuri, ila wastani unaficha mengi. Kama kazi zangu zilizopita zilichukua kati ya saa 5 na saa 9, basi niandikie hivyo: saa 5 hadi 9. Kuniandikia 06:42:17 ni kunipa sekunde ambazo hakuna anayezijua.

Kosa hili lina gharama. Makadirio yakiwa mafupi mno, kompyuta huvuta foleni ya kazi isiyoweza kuimaliza kabla ya tarehe ya mwisho. Kazi hizo hutumwa upya kwa wengine, na kwa kuwa miradi mingi hulinganisha majibu ya kompyuta mbili, yule wa pili aliyemaliza mapema naye anabaki kusubiri. Linaloniuma zaidi ni kikomo cha juu, yaani muda ambao kazi hairuhusiwi kuuzidi. Mradi ukikiweka chini kupita kiasi, kazi iliyokuwa ikienda vizuri inakatwa katikati kwa kosa la kuzidisha muda, na umeme wa usiku kucha umekwenda bure. Mtu aliyefanyiwa hivyo mara mbili tatu anaondoka kimyakimya, na mradi haujui umempoteza kwa nini.

Kwa hiyo anayejiunga na mradi mpya aweke foleni ya siku moja au chini ya hapo mpaka mashine yake imalize kazi kadhaa. Aangalie muda halisi wa saa ya ukutani, si ule wa kichakataji peke yake, maana tarehe ya mwisho haisubiri kichakataji. Na wenye miradi, kabla ya kumwaga kundi jipya la kazi, wazijaribu chache kwenye kompyuta za kawaida, zikiwemo laptopu za zamani, kisha wapange makisio na kikomo kwa kufuata walichokiona huko.