Rubani akisema "nimechoka", inamgharimu nini?

Agosti 2022 ndege ya Ethiopian Airlines ikitokea Khartoum ilifika Addis Ababa, ikaupita uwanja. Ilikuwa bado iko futi 37,000, waongozaji ndege wanaita, kimya. Iliripotiwa kuwa marubani wote wawili walikuwa wamepitiwa na usingizi, wakaja kuzinduliwa na king'ora otopailoti, mtambo unaoirusha ndege yenyewe, ilipojizima. Waligeuza, wakatua salama. Huku chini tulicheka sana. Kwenye makundi ya WhatsApp zilipita picha za rubani na mto wa kulalia, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliozisambaza.

Kicheko kiliniisha niliposoma kisa cha Indonesia cha Januari 2024. Ndege ya Batik Air, Airbus A320, inatoka Kendari kwenda Jakarta na abiria 153. Rubani msaidizi ana mapacha wa mwezi mmoja, anasaidiana na mkewe kuwalea, na wametoka tu kuhama nyumba. Aliyewahi kulala chumba kimoja na kichanga anajua usiku unavyokatika vipande vipande. Hapa ni wawili, na mizigo bado haijafunguliwa. Kapteni naye aliomba ajipumzishe kidogo kitini, mwenzake akabaki na ndege. Mwenzake akasinzia. Dakika 28 zikapita bila mtu aliye macho kule mbele.

Kapteni alipogutuka aliona wameshatoka kwenye njia yao, akamwamsha mwenzake, akajibu redio. Aliwaambia nini waongozaji? Kwamba redio ilikuwa inasumbua, sasa imekaa sawa.

Jibu hilo linanitisha kuliko usingizi wenyewe. Mtu mzima, mistari minne ya ukapteni begani, anaona heri aisingizie redio kuliko kusema "tulilala". Na hakukosea kuogopa, maana wote wawili walisimamishwa kazi, kama wale wa Addis. Sisemi waachwe tu. Nasema ukimwadhibu anayelala bila kuigusa ratiba iliyomchosha, anayefuata atajifunza kudanganya vizuri zaidi.

Miaka ya nyuma, Februari 2009, ndege ya Colgan Air ilianguka karibu na Buffalo, Marekani, wakafa watu 50. Uchunguzi uliweka kosa kwenye jinsi kapteni alivyoshughulikia ndege ilipopoteza mwendo, ila ulisema pia uchovu huenda uliwapunguzia marubani umakini. Rubani msaidizi alikuwa na miaka 24. Alikaa Seattle kwa wazazi wake, kituo chake cha kazi kikiwa Newark, upande wa pili wa nchi, na mshahara wake haukumpa nafasi ya kupanga chumba huko. Usiku wa kuamkia siku ya ajali alidandia ndege za mizigo kuwahi zamu. Kinasa sauti kilimkuta akisema anajisikia mgonjwa, na kwamba akiomba ruhusa ya ugonjwa itabidi ajilipie hoteli mpaka apone. Akarusha.

Baada ya hapo Wamarekani walibadili sheria. Tangu 2014 rubani hupewa mapumziko ya saa 10 kabla ya zamu, ndani yake nafasi ya kulala saa 8 bila kukatizwa. Wa ndege za mizigo wakaachwa nje, kana kwamba sanduku halimchoshi anayelibeba. Lakini hata saa 8 za kwenye karatasi si saa 8 za usingizi. Ukiingia hotelini saa tatu asubuhi, jua limewaka na wahudumu wanagonga milango, mwili unakataa. Ukitakiwa kuwa macho kati ya saa nane usiku na saa kumi na mbili alfajiri, mwili huohuo unataka kulala. Walinzi na wauguzi wanaijua saa ile.

Na sisi abiria tuna mkono wetu. Mwaka jana nilikwama Mwanza, ndege ya jioni haiondoki. Dada wa kaunta alitueleza kwa upole kwamba marubani wamemaliza saa zao za kazi zinazoruhusiwa, wanasubiriwa wengine kutoka Dar. Nilikuwa na kikao asubuhi. Nilimwambia, kwa sauti ya kusikika foleni nzima, kwamba saa zao hazinihusu.