Mpaka Leo Huna Gari?

Jumanne jioni nilipotelewa na baiskeli yangu kwa dakika 25. Haikuibwa. Nilisahau tu nimeiweka safu gani katika maegesho ya stesheni kuu ya Utrecht, hapa Uholanzi, ghorofa tatu za baiskeli tupu, nafasi 12,500. Nikiwa nahangaika humo, binamu yangu akanipigia simu ya video kutoka Chikongola, kwetu Mtwara. Nikamgeuzia kamera naye aone maajabu. Akakaa kimya kidogo, kisha akauliza kwa sauti ya mtu anayetoa pole:

"Kaka, kumbe umepata kazi ya kulinda baiskeli?"

Nilicheka mpaka mlinzi mwenyewe akageuka. Nilipomwambia kwamba yangu nayo imo humo, na ndiyo ninayoendea kazini, yeye hakucheka.

"Miaka sita Ulaya, kaka. Mpaka leo huna gari?"

Hiyo "mpaka leo" imenikaa rohoni kama mwiba wa samaki. Najua wapo watakaosema huyu hana hela, anatafuta maneno. Sawa, tuanzie hapo hapo. Leseni yangu ya Tanzania iligeuka kumbukumbu siku 185 baada ya kujiandikisha huku. Ukitaka ya kwao unaanza upya, na masomo pamoja na mtihani vinameza maelfu ya euro. Kwa hiyo mwanzoni ndiyo, ilikuwa hela. Sasa hivi ningeweza kujibana nikanunua kigari. Sitaki. Asubuhi nakanyaga dakika 12 hadi stesheni, naiacha baiskeli bure kwa saa 24 za kwanza, naingia kwenye treni, na kabla sijamaliza kusoma meseji za kundi la ukoo niko Amersfoort, mji ninaofanyia kazi. Meneja wangu naye huja kwa baiskeli. Siku ya mvua anaingia na suruali ya plastiki juu ya suti, anaivua, anaitundika nyuma ya kiti ikichuruzika kama ngozi ya mbuzi iliyotoka kuchunwa, halafu anaanza kikao. Mark Rutte alipokuwa waziri mkuu wa huku alikuwa akienda ofisini kwa baiskeli. Hebu mkuu wa wilaya kwetu aonekane siku moja tu anakanyaga kuelekea ofisini. Kufika saa nne mji mzima utakuwa unajua ametumbuliwa.

Na hapo ndipo ninapokereka, kwa sababu sisi hatukuijulia baiskeli Ulaya. Baba alikuwa na Phoenix nyeusi. Fundi alimwongezea vyuma kwenye karia, na msimu wa korosho baba alilaza gunia pale juu, akalifunga kwa mipira ya tyubu kuukuu, akaikokota kwenye mchanga hadi chama cha msingi cha ushirika, mimi nyuma nimeshikilia gunia lisilale upande. Kwa mzigo ule haipandiki, ni kusukuma tu. Likishapimwa, tunarudi kufuata la pili. Ada yangu ya sekondari ilipita juu ya karia ile. Mjukuu wa mzee huyo huyo, mpwa wangu, leo anaachwa na daladala kwa sababu kavaa sare na nauli yake ni pungufu, anatembea hadi shule jua likimwaka utosini, na nyumbani ipo baiskeli. Nilimuuliza kwa nini haichukui. "Wenzangu watanicheka, anko."

Mwaka juzi nilikuja likizo, nikaiazima hiyo hiyo Phoenix kwa baba mdogo, nikatoka Mtwara mjini kwenda Mikindani kumsalimia shangazi. Kilomita kama 10, barabara ya lami, upepo wa bahari. Nilifika nimelowa jasho na nina furaha ya kitoto. Shikamoo yangu haikuitikiwa. Shangazi alishika kiuno, akaitazama baiskeli, akanitazama mimi. "Wamekufukuza huko?" Basi hakunisikiliza tena. Alimtuma mtoto aite bajaji, nikapakiwa nyuma pamoja na baiskeli, gurudumu la mbele likining'inia nje, nikarudishwa mjini kama mgonjwa. Nauli alilipa yeye.

Sasa nawasikia. "Huyu kaenda Ulaya juzi, anatufundisha baiskeli sisi tuliozaliwa juu yake." Kweli, na ndiyo maana nashangaa mmeikimbia. "Uholanzi ni tambarare." Na Shangani mpaka Ligula, hapo Mtwara mjini, kuna mlima gani? Watu wa Newala, wanaopandisha madumu ya maji hadi uwanda wa juu wa Makonde kwa baiskeli, wangelalamika wao ningewaelewa. "Jua letu." Jua nakubali, ila huku kuna upepo wa uso unaokufanya ukanyage ukiwa umesimama pale pale. "Malori." Hapo mmenishika. Yale ya makaa ya mawe yanayoshuka bandarini yakikupita unahisi shati linataka kuvuka mwilini, na pembeni hakuna pa kukimbilia isipokuwa mchangani.

Lakini msiniambie Wazungu walizaliwa na njia za baiskeli. Mwaka 1971 barabara za Uholanzi ziliua watu zaidi ya 3,000, na zaidi ya 400 walikuwa watoto. Wazazi wakaingia barabarani na kauli moja, acheni kuua watoto. Mwaka 1973 mafuta yakaadimika, Jumapili zikawa hazina magari. Njia hizi walizidai. Sisi bodaboda zinatuvunjia vijana, mtoto wa baba mdogo ametembelea magongo miezi saba, tunachanga, tunashukuru Mungu, tunamtafutia bodaboda nyingine. Reli ya kutoka bandarini kwetu hadi Nachingwea Waingereza waliijenga kwa ajili ya karanga, ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960, wala hatujaililia.

Msidhani huku nimefika peponi. Dereva wa basi anakuona unakimbia, anakutazama machoni, anafunga mlango kwa sababu saa imefika. Na saa za watu wengi asubuhi na jioni huruhusiwi kupanda treni na baiskeli, labda ile ya kukunja. Konda wetu angekuwa ameshapiga bodi, "suka, kuna mama anakuja!", na gunia la muhogo angelipokea yeye. Hilo nalikumbuka kila basi linaponiacha.

Baiskeli niliipata safu ya chini kabisa, karibu na nguzo. Desemba nakuja. Nimeshampigia baba mdogo aipake mafuta cheni ya Phoenix. Akasema ameshampa jirani anayeuza samaki, nikiitaka nisubiri mpaka saa nne, jamaa akishamaliza mzunguko wake. Ila itakuwa inanuka, akaniambia, na nisimwambie shangazi.