Nauliza injini, najibiwa rangi

Wiki ya tatu sasa natafuta Prado ya mkono wa pili hapa Nakuru, na kila dalali nikimuuliza injini ananijibu rangi. "Nyeupe lulu, bosi, na viti vya ngozi!" Mimi nataka kujua kama ni petroli ya lita 2.7 au dizeli ya lita 2.8, maana hayo si gari moja. Ya petroli ina msukumo wa nyutoni-mita (kipimo cha nguvu ya injini ya kuzungusha magurudumu) kama 246. Ya dizeli, 450. Pakia watu saba na gunia la viazi, panda kutoka Salgaa kwenda Mau Summit, ndipo utajua tofauti. Lakini hiyo dizeli ya kutoka Japani nayo ina chujio la masizi kwenye ekzosi, na linataka safari ndefu ili lipate joto la kuyachoma. Mimi wiki nzima ni Kiamunyi mjini, mjini Kiamunyi. Hayo ndiyo ningependa tuongee.

Jumamosi nilimsihi mmoja asiwashe gari kabla sijafika, nilisikie likiamka baridi, kasoro zisijifiche. Saa moja asubuhi nikaweka kiganja kwenye boneti: moto kama sufuria ya ugali! "Ni jua tu, mkubwa." Jua gani, na ukungu wa Menengai bado haujaondoka? Injini yenyewe imeoshwa ikang'aa, hata tone la oili huoni (na hakuna anayeosha injini hivyo bure). Nikaomba rekodi za gereji. Akaniwashia redio nisikie spika.